Kozi ya kutengeneza upinde mzazi na mtoto, msituni Hampshire: inafaa pesa yake?

Jibu la haraka kwa wanaoniuliza: ndio inafaa, ila nendeni mkijua mnalipia nini, maana tangazo lao linasema hivi na siku yenyewe inakwenda vyengine. Tangazo linasema mzazi na mtoto kila mmoja atatoka na upinde wake wa mbao alioutengeneza kwa mikono yake. Kwa mtoto ni kweli tupu. Kwa mzazi, mmh, tutafika huko.

Ni kozi ya siku moja, kama nusu saa ya gari kutoka hapa Portsmouth. Jina la pahala silitaji kwa sababu nina manung'uniko yangu na ile ni biashara ndogo ya mzee mmoja wa Kizungu na mkewe, sitaki kumtilia mtu mchanga kwenye riziki yake, lakini kozi za namna hii ziko nyingi Uingereza na nyingi zinafanana kwa hiyo haya yatakufaa hata ukienda kwengine. Tulilipa pauni 190 kwa watu wawili, ndani yake mbao, ugwe, mishale mitatu ya mtoto, kutumia vifaa vyao, chai na biskuti. Chakula cha mchana nacho kimo lakini ni soseji za kuchoma na si halali, chukueni chapati zenu na maharage yenu mapema msije mkashinda na biskuti.

Wazo lilikuwa la binti yangu, ana miaka 12, na chanzo ni makumbusho ya Mary Rose. Watu wa Portsmouth mnaijua, ile meli ya mfalme Henry wa Nane iliyozama hapa hapa mbele yetu Solent Julai 1545, ikaja kutolewa baharini 1982, na ndani yake wakakuta pinde nzima nzima zaidi ya 130 na mishale kwa maelfu, zimezikwa na matope miaka mia nne na kitu na mbao bado mbao. Ni pinde za mti wa yew, na waliozipima wanasema nyingi zilikuwa za pauni 100 kwenda juu. Pauni hapa ni uzito unaouvuta mpaka ugwe ufike shavuni, na kwa kulinganisha tu mtu mzima anayejifunza leo anaanzia 20 au 30, sasa jaalia wale jamaa walikuwa na mabega gani, na mifupa ya mabega ya baadhi yao iliyokutwa melini wataalamu wanaihusisha na kuvuta pinde tangu udogoni. Mwanangu akasimama pale kwenye kioo hataki kuondoka, Baba walizitengenezaje, Baba walianzia wapi. Na mie kwa upande wangu sikuhitaji kubembelezwa, kurusha mishale ni jambo Mtume (SAW) alilolihimiza, na huku ghaibuni ukipata kitu cha sunna ambacho mtoto anakitaka mwenyewe bila kuburutwa, unatoa pesa unanyamaza.

Haya, pahala penyewe. Ni turubai kubwa limefungwa kwenye miti, chini tope, mabenchi ya mbao, moto wa kuni katikati na birika. Choo ni kile cha kumwagia vumbi la mbao badala ya maji, mie sina tatizo nacho ila wengine mtapata mshtuko. Maji ya udhu hakuna, chukua chupa kubwa mbili. Adhuhuri ilipofika nikamwambia yule mama mwenye pahala, akatuonesha sehemu kavu nyuma ya mabanda na akamzuia mbwa wake asitusogelee, hilo nampa maksi.

Mbao wanayotumia ni ya mti unaoitwa ash. Yew ni ghali na ina mafundo mafundo, haimfai mtu anayeanza, ash inapatikana, imenyooka na inavumilia makosa ya mtoto. Au tuseme ilikuwa inapatikana, maana mzee alitueleza kwa uchungu kwamba kuna ugonjwa wa kuvu ulioonekana Uingereza 2012 unaimaliza hiyo miti, sasa yeye ananunua magogo mapema anayapasua anayakausha mwenyewe aweke akiba. Mnapofika mnakuta kila mtoto amewekewa mbao ambayo tayari imeshakatwa umbo la juu juu kwa msumeno wa mashine. Kuna baba mmoja alinung'unika kwamba hiyo si kutengeneza, ni kumalizia. Mie naona mzee yuko sahihi, kuifikisha mbao pale kwa mkono ni nusu siku nzima na mtoto angeshachoka kabla hajafika kwenye utamu.

Kitu cha kwanza anachofundisha ni mgongo na tumbo. Mgongo wa upinde ni upande unaotazama shabaha, tumbo ni upande unaokutazama wewe, na sharti moja tu: mgongo haugusi mtu. Nyuzi za mbao za mgongo zinatakiwa ziende moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha bila kukatwa, kwa sababu upinde ukivutwa mgongo ndo unaotanuka, ukikata nyuzi zake zinainuka kama kibanzi na hapo hapo unavunjika. Akawapitisha watoto mmoja mmoja, kidole juu ya mbao, wafuate mstari wa nyuzi mpaka mwisho. Kazi yote ya kupunguza inafanywa tumboni. Unakaa kwenye benchi linalobana mbao kwa kukanyaga miguu, unavuta kile kisu kirefu chenye mikono miwili kuja kwako, maganda yanatoka marefu yanajikunja, watoto walikipenda hicho kisu kuliko kitu chochote. Baadae unakwenda kwenye tupa, halafu bamba la chuma la kukwangulia. Glavu walizotoa ni za watu wazima, binti yangu zilikuwa zinamvuka, kwa kozi iliyotangazwa ni ya watoto hilo ni uzembe.

Sasa nije kwenye kile ambacho kwa maoni yangu ndo pauni 190 zimekwenda, yaani kuusawazisha upinde ukunje sawa pande zote mbili. Video za haya mambo ziko kibao na mbao unaweza kununua mwenyewe, lakini hapa ndo pinde za watu wa nyumbani zinapovunjikia, na jicho la mtu aliyeshafanya huwezi kulipata kwenye simu. Mzee ana nguzo ukutani, upinde unalazwa juu yake, ugwe unafungwa kwenye kamba inayopita kwenye kapi chini, wewe unasimama mbali unavuta kamba na upinde unakunja mbele ya macho yako, nyuma yake ukutani amechora mistari ili uone upande gani umezidi. Kwenye kamba kaning'iniza mizani ya ndoana, ile ile wanayopimia samaki. Na hapa akafanya kitu nilichokipenda sana, swali anamuuliza mtoto, mzazi anaambiwa anyamaze. Wapi hapakunji? Mie nilikuwa naona uko sawa kabisa, wallahi. Binti yangu akaangalia akaangalia, akasema pale, mkono wa kushoto karibu na kishikio, pamenyooka kama rula. Mzee akampa penseli akapachore, akamwambia akwangue mpaka alama za penseli ziishe halafu asimame, asiongeze hata mara moja. Akakwangua, wakavuta tena kidogo kidogo mara nyingi mbao izowee, wakatazama tena. Hivo hivo, mchoro, kukwangua, kuvuta, mpaka alasiri.

Sababu ya kwenda taratibu vile aliieleza vizuri mpaka watoto wakaelewa. Upana wa upinde ukiupunguza kwa asilimia 10, ugumu nao unapungua asilimia 10 hivi. Unene ukiupunguza kwa asilimia 10, ugumu unashuka kama asilimia 27. Kwa hiyo mkwaruzo mdogo tumboni ni jambo kubwa na ukishatoa haurudi. Na kanuni yake nyengine: uzito unaoutaka, usiuvuke hata siku moja wakati bado unasawazisha. Tulipanga upinde wa binti uwe wa pauni 18, basi mizani ikifika 18 kamba inaachiwa, hata kama haujafika nusu ya mvuto, unarudi kukwangua. Wazazi ndo tulikuwa wagumu wa kuelewa hapo, kila mmoja anataka avute aone. Yule baba wa "hii ni kumalizia" alimpokonya mwanawe tupa akaingia kwa nguvu zake zote, pakatokea sehemu moja dhaifu inayokunja peke yake kama bawaba, na kuuokoa ikabidi kupunguza kwengine kote mpaka upinde ukaishia pauni 10, mtoto kanuna. Wangu mie aliniwahi mapema, "Baba wewe shikilia tu." Nikashikilia.

Na hapa ndo manung'uniko makubwa. Tulikuwa jozi sita na mwalimu ni mmoja, mkewe anasaidia lakini zaidi yuko kwenye chai na nyuzi. Watoto wakipata haki yao, muda wa mzazi haupo. Saa tisa na nusu upinde wangu ulikuwa bado ni gongo, mzee akauchukua akauweka kwenye mashine ya msasa akaupitisha dakika chache akanirudishia, tayari. Unafanya kazi, siukatai, lakini huo kautengeneza yeye, na mkono mmoja unakunja zaidi ya mwengine hata mie sasa naona. Kwa hiyo ushauri wangu: pigeni simu kabla ya kulipa muulize bei ya mzazi na mtoto upinde mmoja. Mie niliuliza wakati tunaondoka, yule mama akasema inawezekana na inakuwa rahisi kwa kiasi kikubwa, ila kwenye tangazo hawajaandika. Waandike basi.

Ugwe binti yangu alisuka mwenyewe kwa nyuzi za polyester zilizopakwa nta, ni kazi ya vidole tu na watoto wanaijua haraka. Mishale mnaikuta fimbo tayari, mnabandika manyoya matatu, moja la rangi tofauti ili ujue upande wa kukaa usigonge upinde. Halafu mnarusha kwenye marobota ya majani makavu, karibu tu, chini ya usimamizi, na hapo hakuna la kulalamikia.

Mzee aliposikia sisi asili yetu Tanzania akaanza na Wahadzabe. Kila Mzungu mpenda pinde anawajua Wahadzabe kuliko sisi wenyewe, ndugu zangu! Anajua kwamba wa ziwa Eyasi wanatumia fimbo ya mviringo, upinde unakaribia urefu wa mwanamme, ugwe wa mishipa ya mnyama, ncha za chuma wanabadilishana na wahunzi wa Kimang'ati, na mtoto wa kiume anapewa upinde bado hajajua hata kufuta pua. Nikamwambia mzee wangu mie mtu wa Unguja, pinde zetu zilikuwa za vijiti vya mpera na Eyasi sijafika. Akasikitika kweli.

Mambo ambayo aliyasema kwa mdomo tu na alitakiwa ayaweke kwenye karatasi, kwa sababu jioni kila mtu kachoka na hakumbuki: usivute upinde ukaachia bila mshale, nguvu zote zinarudi kwenye mbao na zinaupasua. Ukimaliza kurusha vua ugwe. Usiuache kwenye gari wakati wa jua wala usiuegemeze kwenye radieta. Na kama unapaka mafuta ya linsidi, vile vitambaa usivikunjekunje ukatupa kwenye pipa, vinaweza kushika moto vyenyewe, vitandaze nje vikauke. Hilo la mwisho mie ningeliandika kwa herufi nyekundu.

Sheria msiwe na hofu, upinde huku hauhitaji leseni, lakini kuwinda nao ni marufuku Uingereza kwa sheria ya wanyama pori ya 1981, na kwenda kurusha kwenye bustani ya kaunsili utaitiwa polisi na watakuwa na haki. Tafuteni klabu. Nyingi zinataka mtoto apite kozi ya wanaoanza kwanza, na upinde wa kutengeneza mwenyewe watauangalia kabla hawajakuruhusu, wetu waliupindapinda wakaukubali.

Kama shida yako ni mtoto arushe mishale tu, achana na haya yote, upinde wa faiba wa watoto unauzwa bei ndogo sana kuliko hii na utadumu. Kama mtoto ni chini ya miaka minane pia subiri, kuna mmoja mdogo alilala kwenye benchi saa nane mchana na mama yake akamaliza peke yake. Kwa mtoto anayependa kazi za mikono na anayeweza kukaa na kitu kimoja, mie natoa nyota nne. Ya tano imebaki kwenye ile mashine ya msasa. Nafasi za likizo ya shule zinajaa mapema, sisi tulisubiri kutoka Februari mpaka Mei, na viatu viwe vya tope, sio raba nyeupe.