Mwaka mmoja na programu ya mti wa ukoo: babu wa 1318 na bibi waliopokonywa baba zao

Nianze na bei, maana kila ninayemuonesha huniuliza hilo kwanza. Nimelipa karibu laki mbili kwa mwaka, kwa kadi ya benki, na mwaka ukitimia hukata tena wenyewe bila ya kubisha hodi. Jina la programu silitaji. Nina ya kuisifu na nina ya kuilalamikia, na hizi programu za mti wa ukoo zenyewe nyingi ni shilingi kwa ya pili: unajiandika wewe, unamwandika baba na mama, unapanda juu, kisha unawatumia jamaa kiungo nao waongeze wao.

Kilichonitia humo ni khitma. Mwaka juzi tulifiwa na Ami mkubwa, kwetu Wambaa, kusini ya Pemba, na siku ya khitma akaja kijana kutoka Maskati. Kanzu imenyooka, kofia ya kule, na Kiswahili chake kizuri kuliko cha wanangu waliosoma skuli za Unguja. Akasema bibi yake mzaa baba ni binti wa Shaame bin Kombo. Babu yangu mimi ni Hamad bin Kombo, kwa hivyo kwa hesabu hiyo ni wetu. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema ndiyo, Shaame alikuwapo. Mwengine akasema hapana, Kombo Faki hakuwa na mtoto wa jina hilo, akageukia chai yake. Kijana akala pilau, akashukuru, asubuhi nikamsindikiza bandarini Mkoani, na njia nzima sikuwa na la kumwambia. Mtu kaja kwao, na wenyeji hatujui kama ni kwao.

Jamaa wa namna yake ni wengi. Kuna waliotoka baada ya Mapinduzi ya 1964, kuna waliofuata baada ya 1970 Sultan Qaboos aliposhika Omani na kuwaita walio nje warejee, na kuna waliovuka tu kwenda Mombasa kutafuta maisha wakanogewa. Kila nyumba ina kipande chake cha habari. Nikasema hebu nivikusanye.

Taabu ilianza kwenye kisanduku cha pili. Cha kwanza wanataka jina, cha pili "jina la familia". Sisi jina la familia tunalitoa wapi? Mtu ni jina lake, la babaake na la babu yake, basi. Nikaweka la babu. Matokeo yake mimi nikawa wa familia ya Hamad, baba yangu wa familia ya Kombo, babu yangu wa familia ya Faki. Kila kizazi ukoo mpya, na kwenye orodha ya kutafuta tumetawanyika kama mchele uliomwagika. Ndugu wa Maskati hawakuhangaika: wana nisba, yaani majina ya kabila, za upande wa waume zao na baba zao, wakazijaza kwa raha zao, na baada ya wiki mbili mti wa Wambaa ukawa unaonekana wote ni Waarabu.

Lililonikera zaidi ni wanawake. Nilipounga ndoa ya babu na bibi, programu ikachukua jina la mume ikambandika mke. Bibi yangu ni Time binti Makame. Skrini ikaniandikia Time Faki. Sijui huyo ni nani. Kwetu mwanamke huolewa, huachwa, huolewa tena, na jina la babaake linakwenda naye mpaka kwenye mwanandani. Nilikuwa nimeshaingiza wanawake 40 na ushei ndipo binti yangu akagundua kuwa kuna mahali pa kuizima tabia hiyo, ndani kabisa ya mipangilio, kurasa tatu chini. Ukianza, zima hiyo kabla ya yote. Na kwenye kisanduku cha jina la familia fanya nilivyofanya mwisho: kiache kitupu, uandike majina yote matatu kwenye kisanduku cha kwanza. Programu itanung'unika kwa alama nyekundu, iache inung'unike.

Kisha majina yetu yanajirudia. Baba yangu ni Kombo Hamad Kombo. Kuna Kombo Hamad Kombo mwengine wa Kengeja, na wa tatu ni kijana anayeendesha bodaboda Chake Chake. Usiku mmoja ikaniletea ujumbe: watu hawa wawili huenda ni mmoja, waunganishwe? Nilikuwa na usingizi, nikabonyeza ndiyo. Asubuhi baba yangu ana mama wawili na ndugu 19. Hapa niisifu: inaweka kumbukumbu ya kila kilichobadilishwa, nani kabadilisha na saa ngapi, na unaweza kurudisha nyuma. Ilinichukua jioni nzima, lakini mzee wangu nilimrudishia mama yake mmoja.

Sasa tarehe. Nyuma ya msahafu wa babu wa babu, ambao Ami aliuhifadhi ndani ya kitambaa juu ya kabati, kuna mistari ya wino uliogeuka rangi ya chai, Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mwalimu wa madrasa alinisomea: amezaliwa Hamad usiku wa kuamkia Ijumaa, mfunguo tatu (ndiyo Dhulhija), mwaka 1318. Nikaandika 1318 kama nilivyosomewa. Baba yangu kazaliwa 1932. Programu ikatoa onyo kuwa babu alimzaa mwanawe akiwa na miaka 614. Nilipolisoma kwenye grupu, mjomba mmoja wa Mombasa akatuma voisi, kicheko kwanza nusu dakika, kisha: "Kumbe na sie tuna Nabii Nuhu wetu!"

Ni mwaka wa Hijria, na programu haiujui. Kuutoa kwa kichwa si rahisi, kwa kuwa mwaka wetu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hivyo huwezi kutoa tarakimu moja ile ile kwa kila mtu. Tumia kigeuzi cha kalenda cha kwenye intaneti, cha bure. Mfunguo tatu wa 1318 ni kati ya Machi na Aprili 1901. Nimeandika 1901 kwenye tarehe, na maneno ya msahafu kama yalivyo nikayaweka kwenye maelezo, pamoja na picha. Kwa wale ambao hakuna tarehe kabisa, inakubali "kabla ya" na "baada ya", na hilo limenifaa sana. Kwetu kuna kisa kuwa Faki, baba wa Kombo, alivuka kutoka Unguja kuja Pemba baada ya tufani. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na Pemba ikasalimika, ndipo watu wakaifuata karafuu huku. Kwa hiyo Faki ana "baada ya 1872", na sijasema uongo.

Nilikwenda na Kilimani pia, kwenye Nyaraka za Taifa, siku mbili. Kombo Faki nilimpata kwenye hati ya rehani ya shamba. Nilifurahi kama niliyemuona mwenyewe kakaa. Ila hati nyingi ni za Kiarabu, nenda na msomaji wako.

Wengine mtasema kuna FamilySearch, ni bure. Ni kweli, na mti wake ni mmoja wa watu wote, kila mtu anaongeza na kusahihisha, walio hai wanafichwa. Inaendeshwa na kanisa la Wamormoni la kule Utah, na nilipolieleza hilo barazani, mzee wetu mmoja alivua miwani akaniuliza kanisa linawatakia nini marehemu zetu. Mjadala uliishia hapo.

Faida kubwa ya programu hii sikuipatia kwenye simu. Niliuchapisha mti mzima kwenye duka la mabango, karatasi ya mita mbili, nikaukunja ndani ya bomba la plastiki nikapanda nao boti. Wambaa tuliutandaza juu ya mkeka, pembe nne tukaziwekea vikombe. Watu waliokuwa hawajibu ujumbe hata mmoja kwenye grupu walipiga magoti. Bi Mize, ambaye ana miaka 80 na zaidi na kalamu hashiki, alipita na kidole chake taratibu, anasomewa jina, anakubali, anasogea. Akasimama kwa binamu zangu wawili wa mbali.

"Hawa mmewaweka mbali."

"Ndivyo walivyo, bibi. Huyu wa mlango wa Kengeja, huyu wa hapa."

"Wamenyonya ziwa moja. Mamaake alikuwa mgonjwa, kanyonyeshwa na Mwanakombo. Ni ndugu hao, hawaoani, wala watoto wake yule hawamwoi huyu."

Hakuna aliyejua hilo pale isipokuwa yeye. Na programu ina kisanduku cha mtoto wa kuasili, cha kambo, cha kulea, lakini ndugu wa kunyonya haimtambui. Nimeandika kwenye maelezo kwa herufi kubwa, maana lisipoandikwa siku moja watu wataposana. Ami mdogo yeye alitaka juu kabisa ya karatasi paandikwe "Shirazi", yaani asili yetu ni Uajemi. Nikamuuliza kati ya Faki na Shirazi tujaze nani, akasema hayo ni yako wewe mwenye kompyuta.

Siku ile ile nikauliza habari za Shaame. Msahafu ulikuwa umeshajibu, ila nilitaka kusikia. Chini ya mstari wa Hamad kuna mwengine: amezaliwa Shaame, mwaka 1323, mamaake Zafarani. Hiyo ni 1905 au mwanzo wa 1906. Hamad hakuandikiwa mama, Shaame kaandikiwa. Na Zafarani si jina ambalo watu walimpa binti yao, ni jina alilopewa mtu aliyenunuliwa. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, lakini masuria, watumwa wa kike waliowekwa na mabwana zao kama wake, waliachwa nje ya amri ile mpaka 1909. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini mzee yule aligeukia chai yake. Kwa sheria ya dini mtoto wa suria, baba akimkubali, ni huru na anarithi sawa na nduguze, na Kombo alimkubali kwa mkono wake, nyuma ya msahafu. Kijana wa Maskati ni wetu.

Na hapa ndipo palipoharibika. Nilipakia picha ya ukurasa ule. Kijana wetu mmoja wa Mombasa, ana miaka 19 na ari yake, akaandika chini ya Zafarani "mtumwa wa Kombo Faki" na akasambaza kiungo kwenye magrupu matatu. Programu hii inawaficha walio hai, lakini waliokufa inawaacha wazi kwa yeyote mwenye kiungo, usipoifunga mwenyewe. Mimi sikuifunga. Shangazi wa Maskati, binti wa Shaame, mama mtu mzima aliyekuwa akitutumia dua kila Ijumaa, alilisoma neno lile usiku. Hakusema kitu. Tuliona tu ile mistari midogo ya kijivu: ameondoka.

Nilimpigia siku tatu hapokei. Alipopokea, nilimwambia shikamoo, akaitikia, akanyamaza, akasema, "Mwanangu, bibi yangu alinilea. Alikuwa akinisuka nywele. Wewe umemjua kwa karatasi." Nikaomba radhi. Nadhani niliomba mara kumi. Akarudi kwenye grupu baada ya Ramadhani kwa sharti moja: neno lile litoke, jina libaki. Limetoka. Mti nimeufunga, anayetaka kuingia aniombe. Ukianza wa kwenu ufunge siku ya kwanza, kisha ukae na wenye habari kabla ya kuzipakia habari zao.

Nyota ninaipa tatu. Mbili za kumbukumbu ya mabadiliko na kwa kuweza kuchapisha karatasi kubwa, moja kwa kuwa inakuruhusu kuutoa mti wako wote kama faili la GEDCOM, aina inayosomwa na programu nyingi za ukoo, ukahamia kwengine au ukahifadhi kwenye flashi. Lifanye hilo kila mwezi, usingojee siku uliyosahau kulipa. Sijaamua kama nitalipa mwaka wa pili.

Shangazi baadaye alinitumia sauti ya dakika nane juu ya Zafarani: alivyopika, alivyokuwa akiogopa radi, mahali alipozikwa. Nimeipakia kwake, imefungwa, wanaisikia watu sita. Zafarani hakuwahi kumtaja babaake, au alimtaja kwa mtu ambaye hayupo. Kila nikifungua ukurasa wake, kile kisanduku cha juu kiko pale pale, kina alama ya kujumlisha ya buluu, kinaniuliza: ongeza baba?