Hojaji ya PHQ-9 Mikononi mwa Msaidizi wa Utafiti: Tathmini kutoka Lamu

Kwa miezi minane nimeitumia hojaji ya PHQ-9, inayopima dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), katika mji wa Lamu na visiwa jirani, nikiwa msaidizi katika utafiti wa afya ya akili unaoendeshwa na chuo kikuu kimoja. Wanafunzi wanaotaka kazi kama hii huniuliza kuhusu malipo na nauli ya boti, lakini hawaniulizi kuhusu chombo watakachokishika mkononi kutwa, na ndiyo maana nimeona niitathmini hojaji yenyewe, kama mvuvi anavyoikagua mashine ya boti kabla hajatoka nayo baharini.

Bei yake haina lawama, kwa kuwa hojaji hii ni ya bure. Ilichapishwa mwaka 2001 na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams wa Marekani, kwa ufadhili wa kampuni ya dawa ya Pfizer, na leo yeyote anaweza kuinakili, kuitafsiri na kuitumia bila kulipa wala kuomba idhini. Ina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita: raha ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya chakula, kujilaumu, umakini, wepesi au uzito wa mwili, na mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila jibu hupewa alama kati ya 0 na 3, jumla haizidi 27, na anayefikisha 10 huhitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi. Katika utafiti uliohusisha wagonjwa 6,000 wa kliniki za Marekani, ambao baadhi yao walihojiwa tena na wataalamu, kikomo hicho cha 10 kiliwatambua asilimia 88 ya wenye sonona na kuwaondoa kwa usahihi asilimia 88 ya wasio nayo. (Neno sonona, kwa kweli, nimelijulia kazini, nyumbani kwetu mtu husema ana moyo mzito, ana dhiki, au fikira zimemzidi. Ni sifa mojawapo ya tafsiri tuliyopewa kwamba haiutaji ugonjwa kwa jina popote.)

Sifa yake kubwa ni ufupi. Katika pakiti yetu ya hojaji imo moja inayochukua karibu saa nzima, nami nimeona washiriki wakiitikia tu ili tuondoke. Hii ya maswali 9 humalizika kabla ya dakika kumi, kiasi ambacho mvuvi anayengoja maji yajae, au mama mwenye mikate motoni, anaweza kukutolea bila kuona kwamba amedhulumiwa.

Kasoro yake inatokana na namna ilivyotengenezwa. Ilikusudiwa mgonjwa aketi peke yake katika chumba cha kungojea na kutia alama kwa kalamu. Sisi huisoma kwa sauti, tukiwasomea watu ambao baadhi yao wametujua tangu utotoni, na maneno yanayotulia vizuri kwenye karatasi hugeuka yanapotoka mdomoni. Jibu la tatu kati ya manne yanayotolewa liliandikwa katika nakala yetu, "zaidi ya nusu ya siku." Aliyetafsiri alikusudia zaidi ya siku 7 kati ya zile 14. Nililisoma hivyo katika mahojiano kumi na moja bila kushuku lolote, mpaka siku niliyoketi na bibi mmoja huko Faza, akaninyamazisha kwa kiganja na kuniuliza kwa upole, "Nusu ya siku ni hata adhuhuri, mwanangu, au wataka nihisabu na usiku?" Nilihisi jasho likinitoka, kwa sababu nilielewa papo hapo kwamba huenda wale kumi na mmoja walikuwa wakinihesabia saa, nami nikiandika siku.

Msaidizi hana ruhusa ya kurekebisha neno hata moja. Maneno ya hojaji yakibadilishwa katikati ya utafiti, majibu ya mwanzo na ya mwisho hayalinganiki tena, na kila badiliko lazima lipite kwa kamati ya maadili. Kanuni hiyo naikubali, ingawa jioni ile niliichukia. Nilimwandikia msimamizi, na baada ya majuma kadhaa tukaruhusiwa kutumia kielelezo cha kuhesabia bila kuyagusa maneno yenyewe. Kielelezo hicho ni kokwa 14 za tende. Nazipanga mkekani kwa safu mbili za saba, namwambia mshiriki kwamba safu hii ni tangu Ijumaa hii na ile ni ya Ijumaa iliyotangulia, naye huzisogeza upande mmoja kokwa za siku alizosumbuka. Tangu hapo watu wamekuwa wakitafakari kabla ya kujibu, na wengine huirudisha kokwa moja waliyokwisha kuisogeza. Wale kumi na mmoja tuliwarudia, kwa idhini ya kamati na kwa aibu yangu.

Swali la umakini hutoa mfano wa kusoma gazeti au kutazama televisheni, mfano ambao kwa fundi wa mikeka wa Matondoni haugusi chochote. Mmoja wao alinijibu mwenyewe kwamba siku hizi hukosea hesabu ya ukili na kulazimika kuufumua, nami sijapata jibu la wazi kuliko hilo. Maswali ya usingizi na chakula hayafai kuulizwa ndani ya Ramadhani bila kuandika pembeni kwamba ni Ramadhani.

Swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, ndilo linalompima msaidizi. Hapa kwetu hujibiwa upesi, kwa "Astaghfirullah" na kutikisa kichwa, na upesi huo haumaanishi daima kwamba jibu ni hapana. Nyumba za mawe za Mji wa Kale ni nzuri kwa macho, ila hazina siri: ukiketi na mke wa mtu kwenye msana (ukumbi wa nyumba), mavyaa, yaani mama wa mumewe, yuko kiwandani (uani) akichambua mchele, na kila neno linamfikia. Kuna pia hofu ya sheria, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kinakiuka Katiba. Uamuzi huo wengi hawajausikia. Ninachofanya sasa ni kupanga saa ya mahojiano kwa kufuata ratiba ya mavyaa.

Jibu la swali hilo la 9 likiwa lolote zaidi ya 0, utaratibu wetu ni kusimamisha hojaji, kumpigia simu msimamizi na kutomwacha mshiriki mpaka apangiwe wa kumwona siku hiyo. Hojaji yenyewe haikuelezi lolote kati ya hayo. Kabla ya kukubali kazi, basi, omba uonyeshwe utaratibu huo kwa maandishi pamoja na namba ya simu inayopokelewa hata Jumapili, na uulize ni nani atakayekaa na wewe baada ya siku ya namna hiyo. Utafiti wa kwanza niliowahi kufanyia kazi haukuwa na mtu wa hivyo. Nilirudi Mkomani na majibu ya wanawake watatu kifuani, na aliyeniuliza habari za kazi alikuwa mwenye punda tu.

Chini ya maswali 9 lipo la ziada lisilotiwa katika jumla, linalouliza matatizo haya yamekutatiza kiasi gani kazini, nyumbani na katika kuishi na watu. Kwenye kishikwambi huja na vitufe vinne na hupita kwa mguso mmoja. Kwangu ndilo lililojibiwa kwa urefu kuliko yote: mtu hujiegemeza ukutani, husukuma kokwa pembeni na kuanza kusimulia. Nimejifunza kukilaza kishikwambi kifudifudi na kubonyeza baadaye.