Kiboksi cha rangi za maji nilichomchorea baharia: rangi safi, brashi inaniangusha

Nimekaa na hiki kiboksi cha rangi 12 safari nzima ya baharini, siku sita, na kazi kubwa niliyofanya nacho ni picha ya baharia mmoja aliyekubali kunikalia sitahani kila akitoka zamu. Mi si msanii wa kusomea, nachora kwa kupenda tu, kwa hiyo naongea kama mtu wa kawaida anayetaka kitu cha kuweka mfukoni.

Kwanza rangi zenyewe, hapo sina neno. Ni vile vibonge vidogo, ukigusa na brashi mbichi vinalowa hapo hapo. Kuna kibonge wamekiita rangi ya ngozi, pinki hivi, jamani ngozi ya nani? Baharia wangu ni mweusi wa kuiva na jua, kile kibonge sikukigusa mpaka mwisho. Nilichukua ile kahawia nyekundu ya siena nikachanganya na bluu ya ultramarini, aisee hapo ndo nikapenda hiki kiboksi, maana ultramarini ina chembechembe zinazotulia kwenye vishimo vya karatasi, basi chini ya taya na pembeni ya pua kivuli kikatoka kina uhai, siyo tope. Kwenye paji la uso sikupaka kitu, nikaacha karatasi nyeupe kidogo, ikawa ule mng'ao wa jasho kabisa.

Sasa brashi yake, ile yenye maji ndani ya mpini. Nchi kavu labda ni nzuri, ila melini mawimbi yakiyumbisha unajikuta umekaza mkono bila kutaka na ukikaza tu mpini unatema maji, mi lilinidondokea tone zima kwenye nyusi na hewa ya bahari ina unyevu rangi haikauki haraka, likasambaa mpaka shavuni likaacha doa lenye kingo kama ua. Nililifyonza na tishu ila alama haikutoka. Beba brashi ya kawaida na kikombe kizito, na maji yawe ya kunywa yasiyo na chumvi, usichote ya bahari, chumvi inabaki kwenye karatasi na inavuta unyevu. Karatasi nayo chukua ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, nyembamba itajikunja.

Mfuniko wa kuchanganyia ukiwa mpya maji yanajikusanya matone matone, usugue kidogo na dawa ya meno utatulia.

Kitu kingine, nilivyokuwa nachora nilikuwa namuwaza Gabriel Bray, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye mwaka 1775 alichora mabaharia kwa rangi za maji ndani ya meli ya kivita HMS Pallas huko Afrika Magharibi, mpaka wanaovua samaki juu ya nanga. Hakuwa mchoraji wa kazi na picha zake zipo kwenye jumba la makumbusho la National Maritime Museum, Greenwich, London. Na rangi laini za vibonge kama hizi hakuwa nazo, kampuni ya rangi ya Winsor & Newton walizitoa 1835.

Malalamiko yangu makubwa ni ile nyekundu. Wametumia alizarini ya zamani inayofifia kwenye mwanga na hawajaandika popote, mtu anakuja kujua picha imeshapauka. Nilishaipaka kwenye skafu ya shingoni ya baharia pale pichani. Nyota nne kati ya tano, ningetoa zote kama wangebadilisha hiyo nyekundu na kutupa brashi ya maana.

Picha nilimpa mwenyewe siku ya kushuka. Akaiangalia muda mrefu, akasema, "Kaka, hili kovu la kidevuni hata mke wangu hajawahi kuliona vizuri hivi." Nikamwomba asiitundike penye jua kwa sababu ya skafu, akaifunga kwenye nailoni akailaza chini ya godoro lake.