Tahadhari: Mkata kwato niliyewasifia ni mlaghai

Ndugu wafugaji, yule fundi wa kwato niliyewasifia majuma mawili yaliyopita ni mlaghai, na ninawaomba radhi wote mliochukua namba yake kwangu.

Alianza na Nyota, ng'ombe wetu tunayemtegemea sana. Alimfunga mguu wa nyuma kwa ustadi, akawasha mashine ya kusagia, akaipitisha kwenye unyayo mpaka moshi ukatoka na harufu ya pembe iliyoungua ikajaa zizini. Mimi nilikuwa nimeshika mkia. Unyayo ulipogeuka rangi ya waridi aliniita, akaniambia nibonyeze kwa kidole gumba. Nikabonyeza, ukabonyea, naye akasema kwamba ulaini ule ndio ukwato hai na kwamba sehemu iliyooza imekwisha. Nilimshukuru! Nikamwachia na wengine wanne, kisha nikanunua unga wake wa buluu, ambao ni mrututu tu aliouita dawa yake mwenyewe.

Sikumwamini kijinga. Kwato zilikuwa zimerefuka kweli, vifaa vyake vilikuwa safi, ng'ombe walitulia mikononi mwake, na alitaja magonjwa ya miguu bila kusitasita.

Siku ya tatu Nyota alilala akakataa kuinuka, na wawili wengine wanachechemea hadi leo. Daktari wa mifugo alibonyeza palepale nilipobonyeza mimi, akanieleza kwamba unyayo unaobonyea kwa kidole umekatwa kupita kiasi, kwa kuwa unyayo unapaswa kubaki na unene wa angalau milimita 5, na rangi ile ya waridi ilikuwa onyo kwamba nyama iko karibu. Ukwato hukua takriban milimita 5 kwa mwezi, kwa hiyo mnyama ataumia kwa majuma mengi kwa kazi ya dakika kumi.

Mtu huyu akamatwe, ashtakiwe kwa ukatili kwa wanyama, anyang'anywe mashine ile, na arudishe fedha za kila mfugaji aliyemlaghai. Nipo tayari kutoa ushahidi, na daktari pia.

Hakupima urefu wa ukwato hata mmoja, hakuwatazama ng'ombe wakitembea kabla wala baada ya kuwakata, na nilipoomba risiti alisema kitabu kimebaki nyumbani. Namba yake ifuteni leo, na kama amekwisha kupita kwenu, bonyezeni nyayo jioni hii na mwiteni daktari kabla ng'ombe hajalala.