Sensa ya pH kwenye tope lenye mchanga: ununue nini kwanza

Sensa ya pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi au alkali, iliyokaa wiki chache kwenye bomba la tope la chokaa, itazame kwenye mwanga kabla ya kuitupa. Kioo kilichokuwa kinang'aa kimefifia kama kipande cha chupa kilichookotwa ufukweni, na upande uliokabili mkondo ndio ulioliwa zaidi. Kioo hicho ndicho kinachopima. Juu yake kuna utando mwembamba mno uliolowa maji, na volteji inayosomwa huzaliwa hapo. Mchanga ukiukwangua, sensa huanza kuchelewa kujibu, kisha mteremko wake, yaani milivolti inazotoa kwa kila pH moja, hushuka. Sensa mpya, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, hutoa karibu milivolti 59 kwa kila pH moja. Ikifika chini ya 50 mimi naibadilisha.

Wengi hapo hukimbilia kununua sensa ghali zaidi. Mimi naanzia kwenye bomba.

Nafasi ya kwanza naipa njia ya pembeni yenye bomba pana, yaani tawi la bomba kuu ambamo sensa hukaa. Kuliwa kwa kioo hakuendi sambamba na mwendo: tope likikimbia mara mbili, mkwaruzo waweza kuongezeka mara nne, hata nane. Bomba lenye kipenyo mara mbili hupunguza mwendo hadi robo, kwa tope lile lile. Usiliweke karibu mbele ya pampu wala kwenye kona, kwa sababu hapo chembe hurushwa ovyo. Usipunguze mwendo kupita kiasi pia, la sivyo mchanga utatuama na kuifukia sensa. Ninalolipenda mimi ni bomba lililosimama wima, tope likipanda: hubaki limejaa muda wote. Sensa yenyewe iinamishe angalau digrii 15 juu ya mlalo, ncha ikitazama chini, ili kiputo cha hewa kilicho ndani kisikae nyuma ya kioo.

Ya pili ni kishikio cha kuvuta, kile kinachoitoa sensa kwenye tope na kuirudisha kwenye chumba kidogo inakooshwa kwa maji, mtambo ukiendelea kufanya kazi. Ni ghali, lakini pale pH inapobadilika polepole hakuna haja ya kuiacha sensa ikikwanguliwa saa 24. Dakika chache za kupima katika kila saa zinatosha. Kabla ya kulipa, kagua sili, yaani pete zinazozuia tope kuvuja kando ya mhimili unaoibeba sensa. Mchanga ukiingia kati ya mhimili na sili, kishikio huvuja au hukwama, kwa hiyo mwulize muuzaji kama sili zinauzwa peke yake na kama kuna pete ya kukwangua uchafu mhimili unaporudi.

Ya tatu ni sensa ya kioo bapa. Kioo cha duara hujitokeza na kupigwa. Kilicho bapa, tope likipita sambamba nacho, chembe huteleza juu yake na hata kukisafisha kidogo. Unapoichagua, usiangalie kioo pekee. Mara nyingi kinachokufa kwanza ni kile kizibo chenye vitundu kinachounganisha elektrodi ya rejea (ile yenye volteji isiyobadilika, ya kulinganishia) na tope, kwa kuwa huzibwa na unga laini. Tafuta kizibo kipana, chenye umbo la pete, na elektroliti (chumvi ya ndani inayopitisha umeme) iliyo ngumu, isiyomwagika.

Kinga ya chuma au plastiki mbele ya sensa ni rahisi kupata, lakini naiweka ya nne. Huzuia kokoto kweli, ila nyuma yake maji hutulia na uchafu hujikusanya. Kwenye chokaa uchafu huo huganda kama jiwe, na sensa hubaki ikipima kilichoganda badala ya kinachopita. Itumie pale tu tope lisipojenga ukoko.

Ya mwisho ni sensa zisizo na kioo. Zile za transista, ambazo hupima kwa chipu ya elektroniki, hazipasuki, ndiyo maana viwanda vya chakula huzitaka, lakini mchanga mkali hula uso wa chipu vilevile. Za antimoni zina pahali pake kwenye asidi ya haidrofloriki inayoyeyusha kioo. Kwingineko usahihi wake ni mdogo.

Ukishachagua, nunua mbili. Moja ifanye kazi, nyingine isubiri ncha yake ikiwa imelowekwa kwenye kloridi ya potasiamu, kamwe si kwenye maji yaliyokenekwa, na zibadilishane siku ya kuzipima kwenye bafa, yaani kimiminika chenye pH inayojulikana.