iNaturalist kwa miti ya Mwanza: wekundu wa jani unaposomwa kinyume

Programu hii ya simu ni ya bure, na kwa kutambua mmea haina shida. Hapa tunaipima kwa kazi moja: kujua mti wa porini unabadili rangi ya majani lini, na hali ya hewa ina mkono gani.

Tatizo liko kwenye kipengele cha majani. Kina machaguo manne: machipukizi yanayofunguka, majani ya kijani, majani yaliyobadilika rangi, na mti usio na jani hai. Ulaya hayo yanatosha, maana huko baridi na siku kufupika ndivyo huvunja klorofili (rangi ya kijani ya jani), jani likawa la manjano au jekundu kisha likadondoka. Mwanza urefu wa siku hautofautiani hata nusu saa mwaka mzima. Miti yetu husikiliza maji.

Mlama wa kwenye majabali hubadilika rangi kiangazi kinapokolea. Chagua la tatu, hujakosea. Mtundu wa misitu ya miombo, ng'ambo ya ghuba kuelekea Geita, ni kinyume chake: wekundu wake wa Septemba na Oktoba ni wa majani machanga, ambayo anthosianini (rangi nyekundu ya mimea) huyakinga na jua kali. Ukibonyeza "yaliyobadilika rangi" umeandika mwanzo wa msimu kuwa mwisho wake. Weka machipukizi.

Piga picha mbili kila safari, ukisimama palepale: mti mzima, na ncha ya tawi inayoonyesha jani lipi ni jipya. Mara moja kwa wiki yatosha, ila Septemba hadi Novemba nenda kila baada ya siku tatu. Programu haijui kwamba mti wa leo ndio wa juzi, kwa hiyo andika namba yake kwenye maelezo. Na usipakie picha iliyopitia WhatsApp! Hufika bila tarehe wala mahali, na bila tarehe hakuna ulichopima.

Tunaipa nne kati ya tano kwa majina ya mimea, tatu kwa majira. Mvua hairekodi kabisa. Tafuta kipimamvua, kiweke uwanjani mbali na paa, ukisome saa 3 asubuhi. Tunza rekodi tangu masika, si za wiki ileile tu: mtundu huchipua kabla ya vuli, kwa maji uliyojiwekea na yale ya chini ya udongo.