Amma Unavagam, Chennai: chai ya asubuhi ya rupia kumi, bila chai

Watanzania wengi wanaopeleka wagonjwa Chennai, India, hukaa nyumba za wageni za Greams Road, wakala humo humo, wakalalamikia pilipili, wakarudi. Mimi nina mgahawa Tanga, na chakula cha bei ya chini ndiyo kazi inayonilisha. Nilipomsindikiza kaka kwenye matibabu mwishoni mwa 2024, nilitaka kuwaona kwa macho hawa wa Amma Unavagam, kantini za jiji, wanaouza idli kwa rupia 1. Wakati ule rupia 1 ilikuwa kama shilingi 30 zetu. Kwa hela hiyo mimi hata andazi sikupi.

Unalipa kwanza dirishani, unapewa tokeni, unaipeleka kwa akina mama wanaopakua. Sahani ni za stili, meza ni ndefu za kusimama, hakuna kiti cha kukufanya uanze kusoma gazeti. Idli ni mchele na choroko nyeusi, vikasagwa, vikachachuka usiku, kisha vikapikwa kwa mvuke. Fikiria kitumbua kisichojua mafuta wala sukari. Juu wanamwaga sambar, mchuzi wa dengu wenye ukwaju. Nilikula idli tano, kaka akachukua pongal ya rupia 5, ule wali laini wa dengu na pilipili manga. Jumla rupia 10, tukashiba watu wawili. Uchachu wa idli unataka uzoee, lakini zilikuwa laini na za moto, na hapo ndipo mpishi hupimwa.

Mchana kuna wali wa sambar kwa rupia 5 na wali wa mtindi kwa rupia 3. Jioni chapati mbili na dengu, rupia 3.

Sasa hesabu. Weka mchele, gesi, maji, mshahara wa wapishi: bei hiyo hailipi, hata ungekuwa mchawi. Hasara inabebwa na halmashauri ya jiji, na nyuma yake kuna uamuzi wa chama. Kantini hizi zilianza Februari 2013, J. Jayalalithaa akiwa Waziri Mkuu wa jimbo la Tamil Nadu kupitia chama cha AIADMK. Wafuasi wake walimwita Amma, yaani Mama, na jina likaenda kwenye kantini, kwenye maji ya chupa, kwenye chumvi, mpaka kwenye saruji. Wapishi ni wanawake wa vikundi vya kujisaidia, na hilo nalo ni siasa, tena ya akili: umemlisha mjenzi na dereva wa bajaji, hapo hapo umempa mama wa mtaani ajira.

Kwetu chama cha eneo moja hakisajiliwi, sheria inakataza. Kule, tangu 1967 jimbo halijarudi mikononi mwa chama kikubwa cha kitaifa. DMK na AIADMK, iliyomeguka kutoka DMK mwaka 1972, zilipokezana kwa miongo mingi. Na tangu mwanzo ugomvi wao umepitia jikoni. DMK iliingia 1967 ikiahidi mchele wa rupia moja. M. G. Ramachandran, mwanzilishi wa AIADMK, akapanua chakula cha mchana mashuleni mwaka 1982. M. K. Stalin, kiongozi wa DMK na Waziri Mkuu wa jimbo wakati ule, akaongeza kifungua kinywa cha shule za msingi mwaka 2022. Anayetaka kura za Tamil Nadu asije na maneno matupu.

Kinachonikera ni picha. Chakula kinalipwa na kodi ya watu, sura ukutani ni ya mwanasiasa mmoja. Basi DMK iliposhinda Mei 2021, wanachama wake wawili walivamia kantini moja ya Chennai wakang'oa mabango. Stalin akawafukuza chamani, mabango yakarudishwa. Julai 2024 akatangaza rupia milioni 210 za kukarabati kantini zenye jina la hasimu wake. Nilivyosikia hivyo nilimvulia kilemba, maana jirani zao Andhra Pradesh mambo yalikwenda kombo: chama cha TDP kilifungua kantini kama hizi, Anna Canteen, mwaka 2018, kikashindwa uchaguzi 2019, walioingia wakafunga, na watu wakasubiri mpaka TDP kiliporudi madarakani 2024 ndipo majiko yakawashwa tena. Miaka mitano mtu wa kibarua anakosa sahani kwa sababu ya bango!

Ukienda, asubuhi ni saa 1 hadi saa 4, mchana saa 6 hadi saa 9. Mimi ningekwenda mapema, idli ikiwa imetoka kwenye mvuke sasa hivi. Beba sarafu, noti kubwa zitakuchelewesha dirishani. Samaki na nyama usiulize, hakuna. Chai nayo ukanywe kwa muuza chai wa nje, atataka zaidi ya bei ya idli zako zote.